Nyumba Yangu Ina Magurudumu. Nani Anaivuta?

Kama unatoka Machakos unajua Kyamwilu. Kama hutoki, skiza: ni kipande cha barabara karibu na mji ambapo ukimwaga maji yanaonekana yakipanda mlima. Ukiacha gari bila gia, linaonekana kupanda lenyewe. Mwezi uliopita nilienda pale na karavani yangu, nikaachilia breki pole pole, nikarekodi. Gari na nyumba zikaanza kupanda. Nikaandika juu ya video: "Machakos hata nyumba inajivuta."

Wasee walipenda. Lakini kuna mmoja aliandika swali moja tu: "Bro, hakuna nyumba hujivuta. Yako inavutwa na nani?"

Nilicheka, nikaenda kulala. Usingizi ulikataa. Ndio maana leo siweki video, naandika. Twende pole pole, kwa sababu swali la huyo msee ni la zamani kuliko mimi na yeye.

Kwanza ujue kitu ninachozungumzia. Karavani yangu ni ya faibaglasi, ndogo, nyeupe, umbo la yai. Namba yake inaanza na Z kama trela zote za Kenya. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi, sinki, na dirisha ambalo asubuhi linaonyesha vilima vya Iveti. Mama alipoiona mara ya kwanza alisema, "Umeninunulia tangi la maji?" Baadaye nikasoma historia yake nikagundua mama hakuwa mbali. Karavani za aina hii zilianza Winnipeg, Kanada, mwaka 1968. Aliyezibuni anaitwa Ray Olecko, na kabla ya hapo alikuwa ameshatengeneza matangi ya maji taka kwa faibaglasi. Akajiuliza, kama tangi linaweza kuwa jepesi na lisivuje, mbona nyumba isiwe hivyo? Akaunda vipande viwili, cha juu na cha chini, vikaunganishwa kama maganda ya kombe. Akaiita Boler, kwa sababu ilifanana na ile kofia ya mviringo ya Waingereza. Ilikuwa ya futi 13 na gari dogo la kawaida liliweza kuivuta.

Hiyo ndiyo siri yote ya faibaglasi: wepesi. Yaani Olecko naye alikuwa anajibu swali lile lile. Nani anavuta?

Sasa rudi nyumbani. Watu wakiniona barabarani husema, "Huyu anaiga wazungu." Mimi huwaambia wasome. Mji wetu umepewa jina la Masaku, na hapa palikuwa njia ya misafara kabla Nairobi haijakuwa hata na duka moja. Wakamba walikuwa wanatembea kutoka bara hadi Mombasa na pembe za ndovu, wakirudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Kivoi wa Kitui alikuwa maarufu hadi pwani. Mwaka 1849 Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alikuja Ukambani akawa mgeni wake, na ni katika safari hiyo aliona Mlima Kenya. Miaka miwili baadaye Kivoi aliuawa njiani, karibu na mto Tana. Sitaki kukudanganya kwamba kila mtu kwenye msafara ule alikuwa sawa. Kivoi alikuwa tajiri, na alikuwa na watu wa kumtumikia. Lakini barabara ilikuwa yetu. Hatukuwa tunaomba ruhusa kulala njiani.

Halafu wakaja wageni na nyumba zao. Hapa ndipo historia inaanza kuuma. Msafara wa mzungu wa miaka ya 1880 na 1890 ulikuwa na hema, kitanda, meza, viti, masanduku ya chakula, wengine hata beseni la kuogea. Ni karavani kabisa, haina magurudumu tu. Magurudumu yalikuwa ni watu. Kila mpagazi alibeba kilo 30 hivi, siku baada ya siku. Mwaka 1891 Mmarekani mmoja, May French Sheldon, alisafiri kutoka pwani hadi Kilimanjaro na wapagazi zaidi ya 100. Alikuwa na machela iliyosukwa kama kikapu, yenye mapazia, na usiku alilala humo. Fikiria kiondo kikubwa cha kulala, kwenye mabega ya wanaume. Akarudi akaandika kitabu. Jina lake tunalijua. Mabega hayo hatuyajui majina.

Mwaka 1908 Makaburu zaidi ya 200 kutoka Afrika Kusini walitoka Nakuru kwenda Uasin Gishu na magari ya kukokotwa. Familia nzima zililala ndani ya magari hayo, zikapikia kando yake. Hiyo ni nyumba ya magurudumu kweli kweli, Kenya, miaka 60 kabla ya Boler. Ng'ombe ndio walivuta. Na ardhi waliyoenda kukaa ilikuwa na watu wake tayari.

Halafu ikaja vita ya 1914. Jeshi la Uingereza lilihitaji kubebewa chakula na risasi hadi ndani ya Tanganyika, na mbung'o waliua wanyama wa kubeba. Kwa hivyo wakachukua watu. Wengi walitoka Ukambani. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, na wengi wao si kwa risasi, ni kwa magonjwa, njaa na uchovu. Ukipita Kariokor kununua nyama choma au kiondo, jina hilo unalotamka ni Carrier Corps, kikosi cha wabebaji. Kariakoo ya Dar pia ni jina hilo hilo. Na ukipita Kenyatta Avenue pale kwa sanamu ya maaskari watatu, angalia vizuri: mmoja wao ni mpagazi.

Bado kuna safari moja, na hii ni ya Machakos yenyewe. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilisema ng'ombe wa Wakamba ni wengi mno, wanaharibu udongo. Ikaanza kuwachukua kwa lazima na kuwauza kwa bei ya chini. Mwaka huo huo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kinaanza kazi pale Athi River, na kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Watu wakaona hesabu. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, wanaume, wanawake na watoto walitoka Machakos kwa miguu, kilomita kama 60, wakaenda Nairobi kuonana na gavana. Wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Hawakuwa na hema za kupendeza wala dirisha la kuangalia vilima. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu. Lakini serikali ililegeza kamba, ikaachana na kuuza ng'ombe kwa lazima.

Mimi nikivuta karavani kwenda Nairobi napita Athi River kila mara. Ni njia yao. Wao walilala nje kwa sababu ya ng'ombe.

Na hapo ndipo swali la yule msee lilinipata. Kwa sababu mimi pia nina hadithi ya ng'ombe, na sijawahi kuiweka kwa video.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Hiyo huwa nasema kwa fahari: niliacha, nikajitafutia, nikanunua karavani, nikawa huru. Kile sisemi ni kwamba mama aliuza ng'ombe wawili kunipeleka chuo. Nilipoacha, ng'ombe hawakurudi. Na karavani? Theluthi moja ya pesa ilikuwa yangu. Iliyobaki ni mkopo wa chama cha mama, wanawake kumi na wanne wanaouza mboga na maembe sokoni. "Nimejijenga mwenyewe" ni Kyamwilu. Kunaonekana ni kupanda, kumbe umbo la vilima vya pembeni linadanganya macho, na ukweli ni kwamba unateremshwa na kitu usichokiona.

Kuna pia fundi. Watu huniuliza sana kuhusu kutunza faibaglasi, na mimi hujibu kama profesa. Ukweli ni kwamba yote nimefunzwa na mzee mmoja wa jua kali anayetengeneza matangi na bampa. Yeye ndiye alinionyesha kwamba mwili wa faibaglasi hauozi wala hauli kutu, lakini jua la Ukambani huula ule utando wa juu mpaka ukipitisha kidole kinatoka cheupe kama chaki. Dawa ni kuosha, kupiga nta, na kuegesha kivulini. Alinifundisha kwamba maji hayaingii kwenye ganda, yanaingia kwa pembe za dirisha na matundu ya ribiti, halafu yanaozesha mbao za sakafu kimya kimya. Ukiona ufa, usipake rangi tu. Piga msasa kupita mwisho wa ufa, weka mkeka wa nyuzi za kioo, resini na dawa ya kuigandisha, tabaka kwa tabaka. Vaa barakoa na glavu, ama utajikuna wiki nzima. Tairi za trela hufa kwa uzee na jua hata kama meno bado yapo. Grisi kwenye beringi kabla ya safari ndefu. Na usirundike mzigo nyuma, kwa sababu karavani itaanza kuyumba kama mkia wa mjusi na itakuvuta wewe.

Nilimlipa vifaa. Kazi nilimwambia nitamlipa video ikifanya vizuri. Video ilifanya vizuri. Mnaelewa?

Susu wangu, mama yake mama, ana alama kwenye paji la uso. Ni ya mukwa, ule mkanda wa ngozi wa kubebea maji na kuni. Miaka mingi ya kupanda kutoka mtoni imeacha mfereji kwenye mfupa. Siku ile nilimpeleka kuona karavani, alizunguka mara moja, akagonga ganda kwa kidole, akauliza kwa Kikamba kama ni nzito. Nikamwambia hapana, susu, ni nyepesi sana. Akasema, "Nyepesi kwako."

Nilidhani ni mzaha wa wazee.

Sijaandika haya ili mniambie pole, na siuzi karavani. Bado naamini kijana wa Machakos ana haki ya kulala njiani akipenda, bila kuitwa mwigaji, kwa sababu barabara hii tuliitembea kabla ya lami. Lakini historia yote niliyokupitisha hapa ina mtindo mmoja: anayelala ndani ndiye anayeandikwa, anayebeba anasahaulika. Mimi nilikuwa naendeleza mtindo huo nikiwa na simu mkononi.

Kwa hivyo Jumamosi fundi analipwa, yote. Wikendi mbili za kila mwezi karavani inakodishwa, na pesa hizo zinaenda kwa chama hadi mkopo uishe. Ile video ya Kyamwilu nimeiacha, nimebadilisha maandishi tu. Sasa yanasema: "Inavutwa na wanawake kumi na wanne, fundi mmoja na ng'ombe wawili."