Kampuni ya Vitabu Ina Thamani Gani? Hesabu ya Guangzhou na Nairobi

Siku hizi kila group la familia lina mtu anayeuliza kuhusu hisa. Akiona kampuni ya vitabu iko "mara 6" tu, anasema ni bei ya bure. Sasa tuangalie hiyo "mara" imetoka wapi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua bei ya hisa moja, gawanya kwa faida ya mwaka inayoangukia hisa hiyo. Hisa ya yuan 12 yenye faida ya yuan 2 inauzwa mara 6 ya faida. Lakini tangu 1934, Benjamin Graham na David Dodd, walimu wa Columbia kule New York, walionya kwamba faida ya mwaka mmoja inadanganya. Walishauri kutazama wastani wa miaka kadhaa, hata 7 au 10.

Hapa Guangzhou ndipo yalipo makao ya Southern Publishing and Media, kampuni ya serikali ya mkoa wa Guangdong. Iliingia soko la hisa la Shanghai Februari 2016. Miaka ile China ilikuwa na kikomo kisichoandikwa popote: hisa mpya zisiuzwe zaidi ya mara 23 ya faida. Yaani bei ya kuanzia haikupangwa na wanunuzi peke yao. Na sehemu kubwa ya biashara yake ni vitabu vya shule, ambavyo kwenye elimu ya lazima ya miaka 9 hulipiwa na serikali.

Nairobi kuna ndugu yake, Longhorn. Ilianza 1965 kama Longman Kenya, ikaingia soko la hisa la Nairobi 2012. Zamani shule zilichagua vitabu zenyewe kutoka orodha iliyoidhinishwa, zikanunua madukani. Kuanzia 2018 serikali ya Kenya ikawa inanunua moja kwa moja kwa wachapishaji. Ukishinda zabuni, unapata oda kubwa kwa bei ya chini. Ukikosa, umekosa nchi nzima. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2023, Longhorn ilitangaza hasara, na hapo kipimo chetu kinakwama kabisa: hakuna faida ya kugawanyia.

Tanzania ilikwenda mbali zaidi. Kazi ya vitabu vya kiada ilirudishwa kwa Taasisi ya Elimu, wachapishaji binafsi wakapoteza soko lao kubwa.

Umeona mtego? Mtaala mpya ukija, vitabu vinauzwa sana, faida inapanda, ile "mara" inashuka. Hisa inaonekana rahisi mwaka uleule ambao faida iko kileleni. Mwaka unaofuata watoto wanatumia vitabu vilevile.

Wafanyabiashara wetu wa Xiaobei wanalijua hili bila darasa. Ofisi ya mizigo yenye mteja mmoja mkubwa, hakuna anayeinunua kwa kuangalia faida ya Desemba peke yake. Wanauliza: huyo mteja akiondoka?

Kwa hiyo kabla ya kuweka akiba yako, uliza matatu. Nani analipia vitabu? Mtaala umebadilika lini? Na faida ya miaka 7 iliyopita, ukiichanganya mizuri na mibaya, ni kiasi gani? Ukishapata jibu la tatu, gawanya tena. Mara nyingi ile 6 haitabaki 6.