Vidonge vya Manjano vya Ituri



Mwishoni mwa Desemba 2014, Ituri ikiwa ingali wilaya ya Jimbo la Mashariki, vituo vya afya vya huko vilianza kupokea wagonjwa wa namna isiyozoeleka. Shingo zilipinda zikakakamaa, uso ulikazana, ulimi ulitoka kinywani wala mwenyewe hakuweza kuurudisha. Waganga walifikiri homa ya uti wa mgongo. Tusiwalaumu upesi: kwetu sisi shingo iliyokakamaa huamsha hofu ya ugonjwa huo kabla ya mwingine wowote. Wagonjwa, watoto kwa wakubwa, wakachomwa sindano mgongoni ili maji ya uti yapimwe. Maji yale hayakuonyesha ugonjwa uliotafutwa, na wagonjwa wakazidi kuja. Hadi Agosti 2015 watu 1,029 walikuwa wamelazwa. 11 kati yao walifariki.

Jibu lilipatikana katika mkojo wa wagonjwa, na katika vidonge vidogo vya manjano walivyokuwa wamemeza. Viliuzwa kwa jina la diazepamu, lakini ndani yake mlikuwa na haloperidoli. Dawa hizi mbili si ndugu. Diazepamu, iliyoanza kuuzwa kwa jina la Valium mwaka 1963, hutuliza degedege, hulegeza misuli na kuleta usingizi. Ndiyo maana watu huinunua hata pasipo karatasi ya mganga. Haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958, katika maabara ya Paul Janssen, kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Ni dawa njema mahali pake. Lakini ikizidi kipimo, hasa kwa mtoto, huweza kuikaza misuli ya uso, ya shingo na ya ulimi. Kila kidonge cha Ituri kilibeba miligramu 10 hadi 20, hali mtu mzima huanzishwa mara nyingi kwa miligramu chache tu.

Tazameni sasa mtego uliokuwamo. Mtoto akikakamaa, aliye karibu naye hudhani ni degedege. Dawa ya degedege ni diazepamu. Basi anayempa kidonge kingine kutoka katika chupa ileile, akiwa na moyo safi kabisa, anamwongezea kilekile kilichomkakamaza.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza hatari hiyo Julai 2015, baada ya uchunguzi ambamo Madaktari Wasio na Mipaka nao walishiriki. Miezi sita ilikuwa imepita. Tunajiuliza kwa nini ilihitajika miezi sita, nasi tunaona kwamba sababu moja ni mazoea ya fikra: mganga hufundishwa kuutafuta ugonjwa katika mwili wa mgonjwa, lakini hafundishwi vya kutosha kuishuku dawa yenyewe.

Historia ilikuwa imekwisha kulionyesha jambo hilo. Huko Ujerumani, mwaka 1961, daktari wa watoto Widukind Lenz wa Hamburg aliona watoto wachanga wakizaliwa na mikono au miguu isiyokamilika. Aliwauliza mama zao, mmoja mmoja, walichokuwa wamekimeza wakati wa mimba, na jina la talidomidi likarudi tena na tena. Novemba ya mwaka ule dawa hiyo iliondolewa sokoni Ujerumani. Duniani kote watoto zaidi ya 10,000 wanakadiriwa kuwa walikwisha kudhuriwa. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa nchi kupashana habari za madhara ya dawa.

Katika shule za uuguzi wanafunzi hufundishwa mambo matano ya kuhakikisha kabla ya kutoa dawa: mgonjwa ni yeye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo, saa ndiyo. Kanuni hiyo ni njema, na imezuia makosa mengi. Lakini Ituri isingetosha. Muuguzi aliyeisoma chupa alikuta jina la diazepamu, akahakikisha, akatoa. Kanuni hulinda dhidi ya kosa la mkono na la jicho; chupa inaposema uongo, haina la kusema.

Machi 2017 Shirika hilohilo lilizindua mjini Bonn juhudi ya kupunguza kwa nusu, katika miaka mitano, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuzuilika. Lengo kubwa, lakini kwa maoni yetu haliwezi kufika katika kituo cha kijijini kwa njia ya hati. Litafika kwa muuguzi aliyezoezwa kumwuliza kila mgonjwa, hata usiku, hata foleni ikiwa ndefu: umemeza nini, umekinunua wapi, kimebaki kingine? Na aliyezoezwa kuitunza chupa badala ya kuitupa, kuandika namba ya toleo lake, na kumpelekea habari mganga mkuu wa zone ya afya pasipo kuogopa kwamba ataonekana mkosaji. Hofu hiyo ya mwisho, tunadhani, ndiyo ngumu kuliko yote. Mahali ambapo anayeripoti huadhibiwa, hakuna anayeripoti mara ya pili.

Vidonge vile vya Ituri vilikuwa na herufi nne upande mmoja: AGOG. Yeyote aliyekuwa na kidonge mkononi aliweza kuzisoma.