Jina lisilokuwemo kwenye tanbihi

Leo naomba niache siasa kidogo, wasomaji wangu. Zipo tuzo wanazopewa wanafunzi wa vyuo kwa insha bora za historia ya saikolojia. Najua kuna atakayecheka: historia ya saikolojia nayo ya kupewa tuzo? Basi huyo nampa jina moja tu, Mamie Phipps Clark.

Mamie alizaliwa mwaka 1917 Hot Springs, Arkansas, kusini mwa Marekani, baba yake daktari. Akaenda Chuo Kikuu cha Howard kusoma hisabati. Huko akakutana na Kenneth Clark, baadaye mumewe, aliyemshawishi ahamie saikolojia. Kiangazi cha 1938 alifanya kazi katika ofisi ya wakili William Houston, akawa anawaona mawakili weusi wakijiandaa kupambana na sheria za ubaguzi. Nadhani hapo ndipo akili yake ilipofunguka.

Mwaka 1939, akiwa na miaka 22 tu, akaandika tasnifu ya uzamili kuhusu watoto weusi wa chekechea: mtoto anaanza lini kujijua kuwa yeye ni mweusi?

Swali hilo la mwanafunzi ndilo lililozaa utafiti wa wanasesere. Watoto 253 wa miaka mitatu hadi saba waliwekewa wanasesere wanne, wawili weupe na wawili wa kahawia. Nipe unayetaka kucheza naye. Nipe mbaya. Wengi walimchagua mweupe acheze nao, na ubaya wakampa wa kahawia. Kisha wakaambiwa: nipe anayefanana na wewe. Wapo waliolia, wapo waliokimbia nje ya chumba.

(Tuseme kweli: watoto wa Kaskazini, waliosoma pamoja na wazungu, walimpenda mweupe zaidi kidogo kuliko wale wa shule za ubaguzi za Kusini. Upande wa pili mahakamani uliishikia bango hoja hiyo.)

Aliyemsimamia Mamie katika udaktari wake Columbia, alioupata 1943, ni Profesa Henry Garrett, mtu aliyeamini weusi wana akili pungufu. Mwaka 1952, katika kesi ya shule za Prince Edward, Virginia, Garrett alipanda kizimbani kuutetea ubaguzi. Mawakili wa weusi wakamwita nani amjibu? Mwanafunzi wake mwenyewe.

Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua katika kesi ya Brown kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha Katiba. Tanbihi ya 11 ya hukumu hiyo inataja tafiti za saikolojia, na ya kwanza kabisa ni ya K. B. Clark. Mume.

Sisi waandishi tunaujua uchungu wa habari yako kutoka kwa jina la mwenzio. Kenneth mwenyewe alikuja kueleza kwamba mradi ulikuwa wa Mamie, yeye aliudandia tu. Mamie alifariki 1983. Tanbihi ya 11 inasomeka vilevile hadi leo.