Dau la chupa sita

Mei 1997 nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Kamalondo, Lubumbashi, na kila redio mbovu iliingia na swali lilelile: "Papa fundi, Mzee Kabila na Mobutu watakutana tena?" Nikaweka dau la chupa sita za Simba: watakutana.

Nilikuwa na sababu. Tarehe 4 walikuwa wamekwisha kukaa pamoja ndani ya Outeniqua, meli ya Afrika Kusini, pale Pointe-Noire, Mandela akiwapatanisha. Rais Mobutu alikuwa hoi kwa saratani, hata ngazi za meli zilimshinda. Mtu aliyekuja katika hali ile, nikasema, atarudi. Na kweli tarehe 14 alirudi. Aliyekosekana ni Kabila.

Jirani yangu alikuja kuchukua chupa zake akicheka. "Wewe ulimtazama mgonjwa," akaniambia. "Ungemtazama mwenye barabara." Waasi wa Kabila walikuwa wameshapita Kikwit, wanaelekea Kinshasa. Kabila angefuata nini melini ambacho askari wake hawakuwa wakikifuata kwa miguu?

Niliona aibu, maana mtoto wa Lubumbashi hakupaswa kufundishwa jambo hilo. Tarehe 12 Julai 1960, siku moja tu baada ya Tshombe kutangaza Katanga imejitenga, rais Kasa-Vubu na waziri mkuu Lumumba walikuja kwa ndege mpaka juu ya mji huu, wakati huo Élisabethville. Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, akawakatalia kutua Luano. Chini walikuwapo askari wa Ubelgiji. Tshombe hakuwa na haja ya mazungumzo. Marehemu baba, mfanyakazi wa Union Minière, alikuwa akisema aliisikia ndege hiyo ikizunguka. Wazee wote wa rika lake walisema hivyohivyo, nami nimeshuku siku zote kama kweli waliisikia wote.

Lumumba alikuja kutua Luano tarehe 17 Januari 1961, akiwa amefungwa kamba, amepigwa. Usiku huohuo aliuawa porini nje ya mji, Tshombe na mawaziri wake wakiwa pale wanatazama. Kama huko nako ni kukutana, basi walikutana.

Desemba ya mwaka huo upepo ukageuka. Askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa wakipigana mitaani mwetu, na Tshombe yuleyule aliyefunga uwanja akakubali kusafiri hadi Kitona, kule karibu na bahari, akisindikizwa na balozi wa Marekani, Edmund Gullion, kwenda kuonana na waziri mkuu Adoula. Alitia sahihi tarehe 21, akarudi nyumbani, akaanza kuikana sahihi yake. Katanga ilisalimu amri Januari 1963, kwa bunduki.

Tangu dau lile nimekuwa nikipima hivyo: anayezidiwa huja, anayeshinda hutafuta udhuru. Kipimo hicho kilinifaa hata tarehe 15 Desemba 2024. Rais wetu Tshisekedi alikuwa Luanda kuonana na Kagame wa Rwanda, Kagame hakwenda. Mazungumzo yalikuwa yamekwama kwenye suala la waasi wa M23. Januari Goma ikaanguka, Februari Bukavu.

Halafu kikanitupa. Tarehe 18 Machi 2025 macho yetu yote yalikuwa Luanda, ambako serikali ilitakiwa kuzungumza na M23, na M23 walikuwa wamejitoa jana yake. Jioni redio ikasema Tshisekedi na Kagame wamekutana Doha, wamekaa na emir wa Qatar. Hakuna aliyekuwa ameniuliza, wala mimi sikuwa nimewaza. Mwenye barabara alikuwa ameondoka nyumbani kwake akaenda, na sababu yake sijaipata.

Kuhusu Mobutu na Mzee, hawakuonana tena. Tarehe 17 Mei 1997 Kabila alijitangaza rais akiwa hapahapa Lubumbashi. Mobutu alifia Rabat tarehe 7 Septemba.