Chuo cha akiba: Hesabu ya kufanya kabla ya kutuma maombi

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, steshenari za Mwananyamala, Magomeni na Mwenge hujaa vijana wanaotuma maombi ya chuo. Wengi huanza na majina makubwa: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Muhimbili, Ardhi. Hakuna ubaya. Shida inakuja pale orodha nzima inapokuwa ya vyuo vya aina hiyo, au chuo cha mwisho kinapojazwa ilimradi tu, bila kuuliza ada.

Tangu 2017 mwombaji hapiti tena kwenye mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Anaomba moja kwa moja kila chuo, na anaweza kuomba vyuo kadhaa kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kuna nafasi ya chuo cha akiba: chuo ambacho pointi zake zinatosha bila wasiwasi, na ambacho familia inaweza kukilipia hata mkopo usipotoka. Sharti hilo la pili ndilo linalosahaulika.

Kwa programu nyingi, TCU inataka angalau masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinafungua mlango. Kufungua mlango si kuingia, maana programu zinazogombewa huchukua wenye pointi za juu kwanza.

Mfano mzuri ni udaktari. Mhitimu wa PCB mwenye D tatu anafikisha kima cha chini cha pointi 6, lakini kwenye chuo cha umma atashindana na wenye A na B. Vyuo binafsi huweza kumpokea, ila ada yake huwa mara kadhaa ya ile ya chuo cha umma. Kwa pointi ni chuo cha akiba. Kwa mfuko wa mzazi anayeuza samaki Msasani, siyo.

Halafu kuna suala la mkopo. Bodi ya Mikopo (HESLB) hutangaza majina baada ya udahili kuwa umeshaanza, mara nyingi Oktoba, vyuo vikikaribia kufunguliwa. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatakiwa athibitishe kimoja mapema zaidi ya hapo. Yaani anachagua chuo kabla ya kujua kama atapata mkopo, na kama ni wa ada yote au sehemu tu. Anayehesabu boom ambalo halijatoka anacheza kamari.

Hata boom likitoka, hesabu bado ni ngumu kwa anayepanga. Fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Mwenye nyumba wa Sinza au Ubungo anataka kodi ya miezi mitatu, wengine sita, kwa mkupuo. Juu ya ada kuna bima ya afya, shilingi 50,400 kwa mwaka kwa asiye na bima nyingine, na shilingi 20,000 ya TCU. Ndogo, lakini zinadaiwa siku ya usajili.

Hapo kijana wa Kinondoni ana bahati ambayo wa Kigoma hana: anaweza kulala kwao. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iko Kijitonyama. Chuo cha Usafirishaji (NIT) kiko Mabibo. Ng'ambo ya mji, Temeke, kuna chuo kishiriki cha elimu DUCE pale Chang'ombe na Taasisi ya Uhasibu (TIA) barabara ya Kilwa. Vyote ni vya umma na vinatoa shahada. Baadhi havina neno "chuo kikuu" kwenye jina, na wazazi wengine huvidharau kwa hilo. Cha kuangalia ni kitabu cha mwongozo cha TCU: programu ikiwa humo, inatambulika. Ada ithibitishwe kwenye tovuti ya chuo chenyewe, siyo kwa mtu wa steshenari.

Kwa anayefanya kazi, Chuo Kikuu Huria, makao makuu Kinondoni karibu na viwanja vya Biafra, kinamruhusu asome huku anaingiza kipato. Asiyefikisha pointi anaweza kupitia kozi yake ya msingi, na akimaliza kwa GPA ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada.

Jambo moja dogo huharibu mengi: namba ya simu. Namba ya siri ya kuthibitisha chuo hutumwa kwa SMS. Kijana aliyejaziwa fomu kwa namba ya mwenye kompyuta hujikuta anamtafuta mtu huyo siku ya mwisho, na asipothibitisha ndani ya muda nafasi inaweza kupotea. Baadaye kuna awamu ya pili, lakini inagawa nafasi zilizobaki tu, na zile za ada nafuu karibu na nyumbani ndizo huwahi kuisha.