Nyumba Ipandayo Ngamia

Mtu aliyezuru Beit al-Ajaib kule Unguja, jumba alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883 kwa nguzo ndefu za chuma na roshani zinazotazama bandari, aghalabu hudhani kwamba nyumba haistahiki kuhifadhi kumbukumbu za watu mpaka iwe na kuta nene na milango ya nakshi. Na mtu huyo akifika Buna, katika nyika ya Wajir, kaskazini mwa Kenya, iliyo njia ya Moyale, atapita kando ya hazina asiitambue, kwa kuwa imefunikwa mikeka tu.

Nyumba hiyo Wasomali huiita aqal. Mifupa yake ni fito, nyingi zikiwa mizizi ya migunga iliyochimbwa ingali mbichi, ikapindwa na kufungwa hata ikakaukia katika umbo la upinde. Na ngozi yake ni herio, mikeka iliyofumwa kwa nyuzi za maganda ya miti yaliyopondwa au kutafunwa na wanawake hata yakalainika, nayo ndiyo hiyo hiyo ambayo siku ya safari huwa tandiko mgongoni mwa ngamia. Mwenye nyumba ni mwanamke. Mama yake na jamaa zake wa kike humshonea kabla ya arusi, na mume akioa mke wa pili, huyo naye huja na yake. Kwa hiyo katika dari ile ya chini husomwa nasaba ya mikono ya kike, ambayo nasaba za wanaume, zihifadhiwazo kwa ghibu, haziitaji.

Ukikaribishwa ndani, subiri macho yazoee kiza. Nyuma kuna kitanda cha fito na ngozi. Ubavuni vyaning'inia vyombo vya maziwa, haan kubwa na dhiil ndogo, vilivyosukwa kwa ustadi hata havivuji tone, na ambavyo, maji yakiwa adimu, husafishwa kwa moshi wa vijinga vya miti teule, maziwa yakadumu na kupata ladha ambayo aliyeizoea haisahau. Karibu na vyombo hivyo utaona barkin, mto wa mti wa kulazia kichwa; jamaa zake wamo katika mkusanyo wa British Museum, London, wamelala pasipo kichwa cha kuwalalia.

Lakini serikali ya kikoloni ya Waingereza iliipenda mipaka kuliko uhamaji, na sheria ya mwaka 1934 ikawafungia wafugaji wa kaskazini mwendo wao. Kisha Julai 1940 askari wa Italia wakaiteka Moyale, wakashuka hata Buna. Katika dahari kama hiyo, nyumba inayofunguliwa asubuhi moja ilikuwa salama kuliko ngome.

Waama, kubomolewa ndiko kunakoihifadhi. Kila kaya ihamapo hukagua kila fundo, mkeka uliochakaa ukatolewa, mpya ukashonwa, ilhali jumba la Barghash, lisiloondoka mahali pake, liliporomoka sehemu yake mwaka 2020. Nami nahuzunika kuona kwamba leo aqal inakufa kwa kutulia: kaya ikisimama kando ya kisima na shule, mabati huja, na dhiil hulipisha dumu la plastiki, wala binti hana sababu ya kujifunza kutafuna maganda.

Kaya zinazohama bado zipo. Alfajiri fito hufungwa ubavuni mwa ngamia, ncha zao zikapinda juu kama mataruma ya jahazi. Herio hutangulia chini, vyombo vya maziwa hufuata, na mwenye nyumba hushika kamba, akaiongoza nyumba yake.