Saba, kumi na nne, ishirini na moja: ngazi za shujaa wa Rwanda

KIGALI – Askari wa Mwami, mfalme wa Rwanda, aliyeua maadui 7 katika vita vya ugenini alivikwa shingoni umudende, mkufu wenye vikengele. Akifikisha 14 alipewa impotore, bangili ya kusokotwa. Akifikisha 21 alifanyiwa sherehe ya gucana uruti, ambapo mpini wa mkuki ulitiwa moto. Hicho ndicho kilikuwa kilele. Padri Alexis Kagame, aliyekusanya sheria na desturi za jeshi la kifalme katika kitabu chake cha 1952, ni miongoni mwa waliotuhifadhia habari za ulimwengu huo.

Aliyewahi kucheza Dungeons & Dragons ataitambua hesabu hii mara moja. Mchezo huo ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu huketi mezani na dadu na karatasi, kila mmoja akiendesha shujaa wake, na mwendesha mchezo huwatungia mapango na mazimwi ya kupambana nayo. Mpiganaji alihitaji alama 2,000 kufika ngazi ya pili, 4,000 ya tatu, 8,000 ya nne, zikirudufu hivyo hadi 64,000 ya saba. Alama nyingi zilitokana na dhahabu iliyopatikana kuliko na mazimwi yaliyouawa, kwa hiyo mjanja aliyeiba hazina bila kuchomoa upanga alipanda vilevile. Tangu hapo waendeshaji hawajaacha kubishana: shujaa apande kwa kasi gani? Akipanda upesi, cheo hakina utamu. Akicheleweshwa, watu hawarudi mezani.

Rwanda hatua zilikuwa sawa, saba kwa saba kwa saba. Kwa macho ya karatasi, ngazi ya tatu haikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Lakini shujaa wa karatasi akifa, mwenyewe huandika mwingine. Aliyetafuta impotore alikwenda na mwili uleule, umri umesogea, pengine na kovu la umudende. Na kasi haikuwa mikononi mwake: bila Mwami kuamuru vita, hakuna aliyepanda. Chini ya Mwami Kigeli Rwabugiri, aliyefariki 1895 baada ya kampeni za Ijwi, Bushi na Nkore, nafasi zilikuwa tele. Tusisahau pia waliohesabiwa walikuwa nani: watu wa jirani, wenye mama zao.

Karatasi ya shujaa nayo ilikuwepo, ila ilikaa kichwani. Kila kijana wa itorero, shule ya ikulu iliyowafunza vijana vita, ngoma na adabu, alitunga icyivugo, majigambo yenye jina lake la vita na matendo yake, akayatoa kwa kasi, mkuki mkononi, mbele ya wenzake. Chumvi iliruhusiwa. Lakini baadhi ya wasikilizaji walikuwa naye vitani siku ile, na nadhani hao waliiongoza kasi ya kupanda kuliko namba yoyote.

Kisha vita vikaisha. Wajerumani waliiweka nchi chini yao, Richard Kandt akaanzisha Kigali mwaka 1907, Wabelgiji wakafuata 1916. Mwami Musinga hakuwa tena na ruhusa ya kupeleka majeshi ng'ambo ya mipaka. Ngazi zikabaki bila wapandaji. Intore, vijana wa itorero, waliendelea kurukaruka, nyuzi za katani kichwani na njuga miguuni, sasa kwa ajili ya wageni. Desemba 2024 ngoma yao iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Waendeshaji wengi wa leo wameacha kuhesabu. Mwongozo wa Dungeons & Dragons wa 2014 unawaruhusu kumpandisha shujaa pale kisa kinapofika mahali pazito, bila alama hata moja. Serikali ya Rwanda ilifanya jambo lililokaribia hilo Julai 2009, miaka 15 baada ya ukombozi wa 1994, ilipotoa nishani ya taifa iitwayo Uruti. Miongoni mwa waliotunukiwa walikuwa Yoweri Museveni wa Uganda, Meles Zenawi wa Ethiopia, na Julius Nyerere wa Tanzania, aliyekuwa amefariki karibu miaka 10 kabla. Wote watatu walifikishwa moja kwa moja kwenye jina la ngazi ya juu, bila umudende, bila impotore.